Kikombe Kilichoharibu Mtihani

Mtihani wa kwanza wa mke wangu niliuharibu mimi, tena kwa kikombe cha chai.

Mke wangu alikuwa msusi. Alisuka miaka ishirini na mmoja, mpaka mgongo ukagoma na daktari akamkataza kusimama kutwa. Mteja wake wa siku nyingi, meneja wa kampuni ya kompyuta, akamshauri ajifunze kazi ya wingu, yaani kutunza kupitia mtandao kompyuta za watu zilizo mbali huko. Mimi nilicheka. Jamani, nilicheka vibaya. Mtu wa miaka arobaini na saba, simu ikijifunga tu anamwita binti yetu, leo akatunze kompyuta za watu? Akaniacha nicheke, akasoma miezi minane. Kampuni ikamwambia nafasi yake ipo, ila alete cheti kabla mwezi haujaisha.

Mtihani wenyewe unafanyiwa nyumbani, msimamizi anakutazama kwa kamera. Sheria mbili: usitoe neno, na asiingie mtu chumbani. Aliniambia, nikaitikia. Lakini mimi seremala nakunywa chai kila saa, na kumfikiria mtu aliyejifungia saa moja na nusu bila hata tone, roho iliniuma. Nikajiambia kamera inatazama mbele, mimi nitapita chini. Nikaingia nimeinama, kikombe mkononi, kama mwizi wa kuku. Sijakiweka sawasawa mezani, kompyuta ikatoa sauti: mtihani umefungwa.

Bora angenitukana. Aliinywa ile chai yote akitazama ukuta, kisha akasema wamempa nafasi moja tu ya kurudia, siku moja kabla ya mwezi kuisha. Tena kabla sijaingia walikuwa wamemwonya kwamba midomo inamcheza anaposoma, kama anayeongea.

Baada ya hapo nyumba ikanyamaza. Mke wangu huyu huongea hata na sufuria. Sasa nikimuuliza chumvi iko wapi, ananyoosha kidole. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nikawa nausubiri huo mshindo siku nzima, nakula kwa adabu kama mgeni. Kilichonitesa si kununiwa. Nilikuwa nimemcheka mwanzoni, halafu mkono wangu ndio ukamharibia. Je, akidhani nilifanya kusudi?

Maneno ya kuomba msamaha yalinikwama. Nikafanya ninachokijua. Niliung'oa mlango wa chumba, nikaupitishia randa chini usikwaruze sakafu, nikaurudisha na kuupigilia komeo zito kwa ndani, ili hata mimi nisiweze kuingia. Nikamwita aone. Akalisukuma komeo, akalirudisha, akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye masomo yake. Neno hakuna. Nikaenda karakana kupigilia misumari isiyo na kazi.

Siku ya mtihani wa pili nikaweka kiti ukumbini, nikatazamana na mlango wa nje. Jirani alikuja kuazima nyundo, nikamfukuza kwa ishara. Muuza maziwa naye hivyo hivyo. Nusu saa baadaye akatokea mama mkwe, na mkoba wake, na sauti yake inayofika nyumba ya tatu.

Huyu ni mtu ambaye tangu nioe sijawahi kumtazama usoni mara mbili. Nikasimama katikati ya mlango.

"Mama, nisamehe," nikamnong'oneza. "Leo huingii."

Alinitazama kutoka kandambili mpaka upara, akauliza, kwa bahati akiwa ameduwaa mno kupaza sauti, kama nimemdhuru mwanawe. Basi nikamweleza yote pale pale. Kicheko, chai, komeo. Nikamwambia na lile nililoshindwa kumwambia mke wangu, kwamba naona aibu, na kwamba naogopa ataishi na mimi akiamini nilitaka ashindwe. Mzee mzima, machozi yananitoka mbele ya mkwe. Aliniwekea mkoba wake mikononi, akaenda kukaa karakana juu ya meza ya msumeno, akanyamaza karibu saa nzima.

Kisha nikasikia komeo.

Mke wangu akatoka, kitambaa cha kichwa kimelegea. "Nimefaulu," akasema. Halafu mshindo ukaja kweli, maneno ya wiki nzima kwa pumzi moja: maswali yalikuwaje, lipi lilimtoa jasho, na kwamba hakuwa amenuna hata kidogo, alikuwa anafundisha midomo yake kutulia, angetamka neno moja tu yangemwagika yote.

Nikamkatiza. "Ile chai sikuileta kusudi."

"Najua. Nilikusikia ukimwambia mama. Seremala wewe hujui kunong'ona, niliuma midomo nisicheke mbele ya kamera." Akaushika mkono wangu, ule uliobeba kikombe. "Ile chai ilikuwa na sukari nusu kijiko, kama ninavyokunywa. Mtu anayetaka kukuharibia hakumbuki nusu kijiko."

Nikaenda jikoni kuchemsha chai ya watu watatu.