Kidole Kimoja, Laini Moja

Mama Cherehani aliweka kidole gumba kwenye kimashine, taa ikawaka kijani. Wakala wa laini za simu akatikisa kichwa.

"Haijasoma, mama. Weka tena."

Mama Cherehani, aliyekuwa mjane, akakificha kidole kwapani. Wifi yake alidanganywa hivyo hivyo: laini ya pili ikasajiliwa kwa jina lake, watu wakatapeliwa kwayo, na polisi wakamfuata yeye.

"Imesoma. Macho haya hutunga uzi kwenye sindano, taa nisiione?"

"Mama, unachelewesha foleni!" wakala akafoka.

"Foleni ni yangu pia. Marehemu mume wangu kaniachia jina safi, na Mungu shahidi, hulivai wewe! Nionyeshe laini zilizosajiliwa kwa jina langu."

Akavuta kigoda cha wakala, akakikalia.

Fundi viatu, aliyemleta mkewe, akapaza sauti: "Mbona mimi jana ulinibonyezesha mara tatu?"

Foleni ikaguna. Shingo upande, wakala akamwonyesha mjane kioo cha simu. Laini ilikuwa moja.

"Hiyo ndiyo yangu," akasema, akainuka. "Haya, fundi, kaa. Kigoda bado kina moto."