Shikamoo kwenye Chaneli ya Kumi na Sita

Apolinaria alikuwa amekaa uani kwake Chemchem, Tabora, miguu ameinyoosha juu ya mkeka, anakatakata viazi vitamu vya kuanika michembe, redio ya marehemu mwanawe iliposema kutoka dirishani, "Shikamoo."

"Marahaba," akaitikia bila kuinua macho, kama mtu mzima yeyote angeitikia. Akachukua kiazi kingine.

"Shikamoo," redio ikarudia.

Hapo akaweka kisu chini. Sauti ile aliijua. Ilikuwa ya Xavery, kitinda mimba wake, aliyezikwa wiki ya Pentekoste, na ilikuwa imekauka kidogo, kama ya mtu aliyetembea mbali kwenye vumbi. Akaitikia tena, safari hii kwa sauti ya juu. Redio ikangoja, ikachakacha, ikasema shikamoo nyingine, kisha ikazimika. Chini ya dirisha palikuwa pamelowa. Aligusa maji kwa kidole akayaonja, yakawa ya ziwani, na katikati yake dagaa mmoja alikuwa anarukaruka. Paka akamchukua.

Ilikuwa redio ya upepo ya mabaharia, ya kushika mkononi, ya njano, yenye antena fupi nene. Xavery alikuwa baharia kwenye boti ya mizigo iliyokuwa ikitoka Ujiji kwenda vijiji vya kusini mwa Ziwa Tanganyika, na boti hiyo ilizama mchana kweupe, imeshindiliwa saruji na watu mpaka juu. Redio za namna hiyo hutengenezwa zielee zikianguka majini. Watu hawakutengenezwa hivyo. Xavery alikuwa ameifunga kwa kamba kwenye kifundo cha mkono, ikaelea juu yake ikiwaonyesha wavuvi alipo, ndiyo maana mama yake alipata mwili wa kuzika. Wapo ambao hawakupata hata huo.

Kituo cha redio cha mwaloni, pale boti zinapopakia, ambacho kazi yake yote ni kukaa na kusikiliza, kilitoa taarifa. Baharia alikuwa na redio nzima yenye chaji, taarifa ilisema, na hakuomba msaada. Ni uzembe wa baharia. Tajiri mwenye boti alikubaliana nayo upesi, na tajiri akikubali jambo upesi ujue lina faida kwake. Kuanzia hapo Sayi, jirani wa nyumba ya pili, ambaye mumewe Ngollo alizama kwenye boti hiyo hiyo na hakuonekana tena, akaacha kumsalimia Apolinaria. Wakikutana bombani anatazama ndoo yake. Apolinaria hakumlaumu, maana naye alikuwa na swali lile lile: mwanangu, redio ulikuwa nayo mkononi, ulinyamazaje?

Sasa alijua kwamba hakunyamaza. Hasira ilimpanda pale pale mkekani, akavikata viazi vyote vilivyobaki vipande vidogo visivyofaa kwa michembe.

Kesho yake aliifunga redio kwenye kitenge akaenda nayo Mtendeni kwa Najiat, fundi simu, mjukuu wa watu waliokuja kutoka Manyema enzi za misafara wakalowea Tabora. Najiat hakuwahi kushika redio ya namna hiyo. Alitafuta maelekezo kwenye simu yake akayasoma huku anatafuna karanga.

"Hii, mama, inafika mwisho wa macho tu," akasema. "Pale unapopaona ndipo inapofika. Kutoka ziwani mpaka hapa haiwezi."

"Imefika."

Najiat akafikiri. "Basi sauti imetembea. Pale mwaloni haikuitikiwa, ikashika njia ya wapagazi ikarudi kwao. Ndiyo maana imechelewa. Babu zangu nao kutoka Ujiji walichukua muda kama huo huo."

"Nilisikia kengele nyuma yake. Na watu wanakohoa, wanatua mizigo."

"Ndio wapagazi hao. Peke yake asingeijua njia."

Hilo likaisha, wakaingia kwenye mafunzo. Swichi hii ni ya kuwashia na sauti. Hii ni ya kukata mchakacho. Ukiizungusha sana unakata na mtu. Chaneli ni ya kumi na sita, usiiguse, maana hiyo ndiyo ya kuitia msaada na kila kituo kinatakiwa kiisikilize. Kitufe hiki cha pembeni ukikibonyeza unasema, ukikiachia unasikia. Huwezi kufanya vyote pamoja.

"Siyo kama simu," Najiat akasema. "Hapa mmoja akisema mwingine anafunga mdomo. Ukimaliza unasema ova, unaachia."

"Sasa mbona ananisalimia tu? Kwa nini hasemi shida yake?"

Najiat akarudi kwenye maelekezo. Anayezama, akasoma, anatakiwa aseme meidei, meidei, meidei, kisha jina la chombo, kisha alipo, kisha shida na idadi ya watu. Salamu haimo.

Apolinaria akaketi kwenye benchi la wateja. Alikuwa anamwona Xavery mdogo, kaptura imemzidi, kamtuma kwa jirani. Mtoto kaingia mbio kasema mama anaomba chumvi, kaondoka nayo. Yeye alimrudisha na chumvi yake na kofi juu. Mtu mzima haanziwi na shida, alimwambia. Unamwamkia, unangoja marahaba, ndipo unasema kilichokuleta. Mtoto akauliza, asipoitikia? Asipoitikia hajasikia, akamjibu, amkia tena. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Huyu alikua hivyo, na kwenye boti hakuna aliyemfundisha vingine, kwa sababu redio ilitolewa kwenye boksi siku ya ukaguzi tu, ikarudishwa, na Xavery alionyeshwa pa kuwashia, basi.

"Kwa hiyo anangoja," akasema.

"Anangoja," Najiat akasema. "Na usipomwitikia vizuri ataendelea kungoja, mama. Atazeeka humo ndani."

Sauti ya kwanza ilikuwa imeshapajua nyumbani, na nyingine zikaifuata kila alasiri. Apolinaria alikaa na redio mapajani na beseni la kukinga maji miguuni. Siku ya mwanzo alibonyeza na kusema kwa pupa, wakati mmoja. Redio ya upepo haipendi pupa. Unabonyeza, unavuta pumzi, ndipo unasema, la sivyo inameza mwanzo wa neno. Ilimeza mwanzo. Kilichofika ziwani kilikuwa "haba."

"Haba nini, mzee?" Xavery akauliza. Akangoja kidogo. "Shikamoo."

Siku nyingine alisema vizuri akasahau kuachia kitufe, akakaa amekibana kwa kidole gumba mpaka kikafa ganzi, na huku hasikii kitu. Alipoachia ikawa Xavery keshakwenda. Alilia kwa hasira, akakitukana kitufe, akamtukana aliyekitengeneza, akamalizia kwa tajiri. Majirani walimsikia. Walikuwa pale pale uani wakichota, kwa kuwa mabomba ya mtaa yalikuwa yakikauka mchana na beseni lilikuwa linafurika kila alasiri. Waliuliza tu kama maji yale yanachemshwa au yananyweka hivyo hivyo. Sayi hakuja, alisimama upande wake wa ua na ndoo tupu.

Siku aliyofanikiwa haikuwa na dalili yoyote. Redio ilisema shikamoo. Apolinaria akabonyeza, akavuta pumzi, akasema polepole, "Marahaba, mwanangu. Ova." Akaachia.

Ziwa zima likasikika, upepo na watu wanaoita watakatifu wao.

"Asante, mzee," Xavery akasema, na maneno yakamtoka yote kwa mpango, kama mtu aliyeyashika muda mrefu mdomoni. "Boti inaingiza maji nyuma. Saruji imezidi, tulimwambia nahodha, nahodha kasema tajiri kasema twende. Tumeshaupita mdomo wa mto, nchi kavu tunaiona. Kuna wanawake na watoto. Mashine imezimika. Tunaomba boti yoyote, hata ya wavuvi. Ova."

Nyuma yake mwanaume mwingine akasema, "Waambie waharakishe, bwana," akakohoa. Ng'ambo ya ua ndoo ya Sayi ikaanguka. Kikohozi cha Ngollo hakuna asiyekijua mtaa ule.

Apolinaria akaitazama Tabora, michembe juu ya mabati na kuku chini yake. Boti atoe wapi? Akabonyeza. "Nimekusikia, Xavery. Ova."

"Tumesikika," Xavery akawaambia wenzake, na walishangilia. Walishangilia mpaka maji yalipofika kwenye redio.

Asubuhi Sayi alimkuta bombani. "Mwangaluka, mayu," akamwamkia kwa lugha ya kwao.

"Mwangaluka," Apolinaria akaitikia, na kila mmoja akamtwisha mwenzake ndoo. Lakini alasiri redio ilianza upya na shikamoo ile ile. Nyumbani kuitikiwa hakukutosha. Kuna mahali pengine Xavery alikuwa ameita, na huko bado hajaitikiwa.

Akapanda treni ya Kigoma. Walipita Urambo, mabehewa yakajaa harufu ya tumbaku, na toka hapo njia ya zamani ya wapagazi ikawa inaonekana na kupotea kando ya reli. Watu walikuwa wakipita humo na mizigo kichwani, nyuso kuelekea Tabora. Abiria wa dirishani waliwanunulia ndizi kwenye stesheni wakawarushia, wengine hawakuwa na hela.

Kituo cha mwaloni kilikuwa chumba kimoja chenye feni. Msimamizi aliitwa Elieza, kijana nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina ncha. Alikuwa kwenye simu. Alimwonyesha kiti kwa kidole. Apolinaria alipoketi aliona mambo mawili. Redio kubwa ya kituo ilikuwa juu ya meza, na chini yake palikuwa na ndoo. Ndoo ilikuwa ya muda mrefu, imeota ukoko wa kijani, na sakafu kuizunguka ilikuwa imebabuka.

Alielewa kabla hajaelezwa. Hata hivyo alingoja Elieza akate simu.

"Nimemfuatilia Xavery," akasema.

"Yule baharia. Poleni sana, mama. Kijana mwenye adabu, hilo siwezi kukataa."

"Ulimsikia."

"Alikuwa anasalimia. Chaneli ya kumi na sita siyo ya salamu, mama. Ningeitikia ningekuwa nimevunja utaratibu. Mwenye shida anasema meidei mara tatu. Mimi nimekaa hapa, namsikia shikamoo, shikamoo, nikajua vijana wanachezea redio."

Alasiri ikafika. Redio ya kituo ikasema shikamoo, na ya mapajani kwa Apolinaria ikasema pamoja nayo. Mkono wa Elieza ukaenda wenyewe kwenye swichi ukapunguza sauti, bila yeye kutazama, kama mtu anavyojikuna. Maji yakaanza kutona kwenye ndoo.

"Huwa anaita saa hizi," akasema. "Tumemzoea."

Apolinaria alibonyeza, akavuta pumzi, akaitikia marahaba mle mle ofisini. Xavery akasema yote: saruji, tajiri, mashine, wanawake na watoto. Elieza alisikiliza mpaka mwisho, hata ule mwisho wa kushangilia, kidevu kwenye kiganja.

"Huo sasa ni ujumbe kamili," akasema. "Amejieleza vizuri kabisa. Tatizo umepokelewa na mtu asiye na leseni, tena wa bara. Kwa hiyo kwetu sisi bado haujapokelewa."

"Mpokee wewe, basi. Mwitikie. Neno moja tu."

"Nikimwitikia leo, mama, itabidi nieleze kwa nini sikumwitikia siku ile."

Apolinaria alitamani kumbamiza na redio. Alikaza vidole juu yake mpaka vikamuuma, kwa sababu ndani mlikuwa na mtoto wake. Akauliza kama taarifa itabadilishwa. Elieza akasema taarifa imeshapigwa muhuri, ipo pale ubaoni, anaweza kuisoma. Ilikuwepo, na uzembe wa baharia ulikuwemo. Dirishani boti mpya ya tajiri ilikuwa inapakia saruji, na redio yake ilikuwa bado kwenye boksi.

Asubuhi yake Apolinaria alikuwa amekaa kwenye benchi la stesheni kati ya wachuuzi wa dagaa, anangoja treni ya kurudi Tabora, Elieza alipopita kwenda kazini. Alimwona. Alikuwa na heshima zake naye, akasimama mbele yake, akainama kidogo, mkono kifuani.

"Shikamoo, mama."

Wachuuzi wakamtazama Apolinaria, maana salamu ya namna hiyo huwezi kuipita. Elieza alingoja. Mtu hawezi kuondoka mbele ya mama mtu mzima hajaitikiwa, naye alilelewa. Saruji ya stesheni chini ya viatu vyake ikaanza kulowa. Alitazama chini, akasogea hatua moja kama aliyezoea, maji yakamfuata, akainama zaidi akidhani labda kelele za watu zimemzidi yule mama.

"Shikamoo," akasema kwa sauti zaidi.

Apolinaria alikuwa ameshika redio mapajani, kidole gumba mbali na kitufe.

"Mama, shikamoo."

Alikuwa anamsikia vizuri kabisa.