Mkono Ulioanza Mayai

Kwao Uvira, yai lenye kifaranga ndani hutupwa mbali na pua za watu. Kwa hiyo siku ya kwanza Marcelline alipomwona Mama Luz akichemsha yai la namna hiyo, akalitoboa, akafyonza mchuzi wake na kulimaliza kwa chumvi na siki, alijiambia kwamba ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Ya Firauni ameshayazoea. Ana miaka sasa Kensington, Johannesburg, katika chumba cha nyuma cha mjane huyu wa Kifilipino, akilisha bata wake wa kienyeji na kulea mayai. Mashine ya kuangulia hawatumii: umeme ukikatika, mashine ni jeneza tu. Mama Luz alimfundisha njia ya kwao: ngano ikaangwe hadi ipate joto la mwili, ifungwe kwenye vitambaa, ipangwe kikapuni pamoja na mayai, nayo mayai yageuzwe asubuhi, mchana na jioni. Vifaranga vikishaumbika, kabla mifupa haijakomaa, mayai huchemshwa, na Wafilipino huyafuata Jumapili wakitoka misa.

Sharti ni moja: mkono ulioanza mayai ndio uyamalize. Kuyabadilishia mkono ni kuyaua. Marcelline alipolisikia aliliona dogo. Lakini kabla kikapu kimoja hakijaiva, kingine kimeshaanzwa. Kila akisema "nikimaliza hiki naondoka," kingine kinamsubiri. Hajawahi kulala nje ya uwanja ule. Bata wenyewe wana nafuu: lango likisahaulika wazi, wao hutembea mpaka barabarani. Jambo hilo linamchoma roho, tusifichane.

Sasa binamu yake Falonne ana saluni Joubert Park, na kiti kimoja kiko wazi. Kusuka nywele ndiyo kazi iliyomleta Marcelline Johannesburg. Anakitaka kiti kile kama mgonjwa anavyotaka kupona, na Falonne anataka jibu leo.

Yeye na Mama Luz walikuwa katika chumba cha mayai, madirisha yamezibwa kwa blanketi ili wayamulike kwa tochi na kutenga mazima na yaliyokufa.

"Mama Luz, nimepata kazi ya nywele. Nataka kwenda."

Alitegemea kilio, au lile sharti. Mama Luz akamshika shavu.

"Nenda, mwanangu. Nimekuchelewesha sana. Haya yaliyobaki nitayamaliza mwenyewe."

Ili kumtoa wasiwasi, akachukua yai na kuliweka mbele ya tochi. "Hili zima," akasema kwa furaha. "Ona mishipa yake."

Marcelline akatazama. Hapakuwa na mshipa hata mmoja. Yai lilikuwa limekufa, jeusi tii. Mama Luz akalirudisha kati ya mazima. Akamulika la pili, kifaranga kikijitikisa ndani, akatikisa kichwa kwa huzuni na kulitia kwenye ndoo ya kutupwa.

Kumbe ndiyo maana kumulika aliachiwa Marcelline peke yake. Bibi haoni. Na hao bata ndio riziki yake yote.

Marcelline alimkasirikia kwa kumruhusu. Angekataa, wangegombana, naye angebeba begi lake na kuondoka na hasira zake, dhamiri safi kabisa. Simu ikalia.

"Yaya, ulimuambia?" Falonne akauliza, akimwita dada kama kwao.

"Nilimuambia."

"Alikatala?"

"Apana. Aliitika."

"Sasa unalilia nini?"

Marcelline akageukia ukuta ili Mama Luz asisikie kilio chake. "Kile kiti, umupatie mwengine," akasema. Kisha akakata simu, akaingiza mkono kikapuni kulitafuta lile yai lililokufa.