Mguu Uliobaki

Nilimwambia baba nimepata nafasi ya kusomea uzamivu. Akaguna. "Udaktari gani huo usiotibu mtu?"

Nikamweleza. Maabarani tukishaotesha usaha wa mgonjwa kwenye kisahani, wadudu huota kwa madoa; tunachota wa doa moja tu, lile lililonawiri, tunawatia kwenye mashine. Mashine hupima uzito wa protini zao, ikataja jina. Vidoa vya pembeni hatuvigusi. Mimi nitatafuta njia ya kuwatambua wote kwa mpigo.

"Kumbe kwangu walikuwa wawili," akasema, akipapasa suruali iliyokunjwa chini ya goti. Sukari ilimletea kidonda. Dawa ikamuua mdudu aliyetajwa, mwenzake akaendelea kutafuna mpaka mguu ukakatwa.

"Wawili, baba."

"Na mashine haikukosea."

"Haikukosea. Ilimtaja yule aliyetiwa."

Nilingoja matusi, maana baba ana hasira za karibu. Badala yake alitupa jicho jikoni alikokuwa mama, kisha akavua polepole soksi ya mguu uliobaki. Harufu ilinifikia kabla sijaona kitu.

"Basi usingoje chuo kifunguliwe," akaninong'oneza. "Anza na huu."