Sufuri Iliyofutwa

"Hivi binti yako kazi yake ni kufuta tu?" jirani aliwahi kumuuliza mama. Kweli, kila akipita pale mezani alimkuta mwanawe anafuta maandishi kwenye kompyuta.

Mchana mmoja alimwekea chai kando ya kompyuta, akauliza mwenyewe.

"Nasafisha draiva, mama," binti alisema. "Ndiyo programu inayoongea na kifaa. Hii ni ya vile vitanda vya kuwapa joto watoto njiti. Wenzangu kila nafasi ya kuwekea namba waliianzisha na sufuri, hata pasipo na haja. Nimezing'oa. Bosi kaipitisha, vitanda vinakwenda hospitali leo jioni."

"Nawe hujavunja kitu humo?"

"Mama nawe. Hata kipimajoto kikikatika waya, kengele italia. Chomoa uone."

Mama akamtaja Mungu kimoyomoyo, akauchomoa waya wa kipimajoto kwenye kibao cha majaribio kilichounganishwa na kompyuta.

Kengele haikulia. Kioo kiliandika thelathini na sita, kimya.

"Mbona imetulia? Inampima nani?"

Binti aliinamia kioo. "Hakuna inayempima."

"Namba imetoka wapi sasa?"

"Masalia, mama. Ile nafasi ilitumiwa na kazi nyingine ya programu, ikaachiwa namba yake. Sufuri ndiyo ilikuwa inasema hakuna kipimo, kengele ilie. Niliiona imekaa bure, nikaitoa."

Mama aliutazama waya mkononi mwake, kisha ile namba. Miaka yote alijua pasipowekwa kitu ni patupu. Kumbe humo ndani hata utupu sharti mtu auweke. Na kialama kidogo kuliko punje ya mtama kilikuwa kimekaa macho kikimlinda mtoto wa watu, hakuna anayekijua wala kukishukuru. Alijikuta ameinamisha kichwa kama yuko kwenye sala.

Binti alikuwa anampigia bosi simu. Haikupokelewa. Akapiga tena.

"Jana bosi alinisifu mbele ya wenzangu," alisema. "Na ajira yenyewe bado ya majaribio. Nikasimamishe magari ya vitanda kwa kosa langu mwenyewe, hapo kazi sina."

Mama alikisogeza kikombe. "Kunywa basi kidogo, mwanangu, upate nguvu."

Binti aliifunga kompyuta, akaikumbatia kifuani pamoja na kibao na waya wake unaoning'inia, akatumbukiza miguu kwenye viatu bila kufunga kamba, akatoka mbio kuyawahi magari.