Mlima wa Wimbo Mara Tatu

Okbun alipata leseni ya udereva akiwa na miaka sitini na moja, baada ya kufeli mtihani mara nne, tena hakuitafuta kwa kupenda. Mumewe Deoksu alikuwa amepofuka kwa presha ya macho, na mashine yao ya kulipulia bisi za mchele isingejipeleka yenyewe sokoni. Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Okbun alikunjwa akiwa mkavu, kwa kelele na machozi, na aliyemkunja ni kipofu aliyekaa kiti cha pembeni.

Mtu atauliza, kipofu anamfundishaje mwenzake barabara? Kwa flashi. Waliinunua zamani kwenye kituo cha mapumziko cha barabara kuu, ina nyimbo mia mbili na kumi na nne za trot, muziki wa Kikorea wa watu wazima, zile wanazopigia makofi wazee wakiwa kwenye basi la matembezi. Deoksu aliichomeka kwenye tundu la USB la kigari chao cha tani moja, na haikutoka tena. Kwa miaka kumi na mmoja alikwenda nayo soko la Jeongseon kila tarehe inayoishia na mbili au saba, mpaka akajua ni wimbo gani unakutana na mahali gani. Macho yalipozimika, nyimbo zilibaki.

Basi wakitoka getini Okbun alibonyeza wimbo wa kwanza, akaenda mwendo wake wa kilomita hamsini, ambao hakuuongeza kwa ajili ya mtu yeyote. Wimbo wa nne ni daraja. Wa saba ni kiwanda cha saruji, vioo vifungwe. Wa kumi mlima unaanza.

"Mama Miran, gia ya pili. Kona hiyo," Deoksu aliagiza.

"Naiona."

"Umeiona baada ya kuambiwa."

"Wewe nawe! Shuka basi uende kwa miguu."

"Halafu tumechelewa nusu wimbo. Ulikuwa nyuma ya trekta."

"Trekta mbili," Okbun alijibu, na wote wawili walicheka.

Mlimani palikuwa na jambo lake. Aliyeijaza flashi ile alikuwa mzembe, akaingiza wimbo mmoja mara tatu mfululizo, ule wa mwanamke anayesubiri treni kwenye mvua. Kwa bahati mlima nao ulikuwa na urefu huo huo. Mara ya kwanza unapanda, mara ya pili uko ndani ya handaki, mara ya tatu unateremka. Mteremko ule ulikuwa mkali, na mwaka wa kwanza Okbun aliwahi kufumba macho akiwa kwenye usukani. Tangu siku ile, mwanamke wa treni alipoanza kulia mara ya tatu, Deoksu aliweka mkono wake kwenye goti la mkewe, akauacha hapo mpaka chini.

Sikukuu ya mavuno ya Chuseok binti yao, Miran, alikuja kutoka Seoul. Miran ni mtu wa ofisini, mtoto mzuri, ila akiona kitu kimekaa ovyo mikono inamwasha. Walipokuwa wakienda makaburini kuwasalimu wazee, alisikia wimbo mmoja ukirudi na kurudi. Usiku wake akaichomoa flashi, akafuta marudio, akazipanga nyimbo zote kwa majina ya waimbaji.

"Nimeisafisha, Mama," alisema asubuhi, na Okbun akamfungia boksi zima la matunda kwa shukrani.

Tarehe ishirini na saba wakaondoka kwenda sokoni. Okbun akabonyeza wimbo wa kwanza. Deoksu akainamisha kichwa.

"Umebonyeza wa kwanza?"

"Ndiyo huo."

Darajani Deoksu alimwambia afunge vioo, na kiwanda kilikuwa bado mbali. Okbun akafunga. Walipofika mlimani, kigari kikiwa katikati ya mwinuko, Deoksu akasema kwa sauti ya mtu anayejilazimisha, "Tia gia ya tatu, tunateremka."

Okbun aliacha gia ya pili pale pale. Angefanyaje? Lakini kipofu husikia injini kuliko fundi. Deoksu aliisikia ikivuta mlima bila kubadilika, akajua amekosea, na akajua jingine pia: kwamba mkewe hakumhitaji. Akakunja mikono kifuani. Mteremko waliushuka hivyo hivyo.

Sokoni kazi yake ilikuwa kuwapigia watu kelele wazibe masikio kabla mashine haijalipuka. Siku hiyo mtoto mmoja alilia kwa kushtuka, kwa sababu Deoksu hakupiga kelele ya kutosha.

Jioni, kimchi ya kabichi na supu vikiwa mbele yake, akasema, "Tarehe mbili nenda peke yako. Mimi nitabaki na redio yangu."

"Kwa nini?"

"Njia unaijua. Ya nini kubeba mzigo ambao hauuzi?"

Okbun alitaka kumrushia kijiko. Akatoka nje akampigia simu Miran, akamgombeza mpaka mtoto wa watu, mwenye miaka thelathini na sita, akalia.

"Mama, mimi nilidhani ni kosa la flashi!"

"Kosa ndiyo njia yenyewe! Rudisha."

"Niliifuta yote nilipozipanga. Nyimbo ninazo, mpangilio sina. Redio ya gari inapiga nyimbo kwa jinsi zilivyoingizwa. Ukinitajia mpangilio naziingiza upya, mmoja mmoja. Nani anaukumbuka?"

"Anayeukumbuka yuko ndani, amenuna."

Kesho yake asubuhi Okbun aliwasha kigari, akarudi ndani, akamshika mumewe mkono.

"Panda gari."

"Leo si soko."

"Nani kasema soko? Panda."

Simu aliisimamisha mbele ya usukani, sauti imefunguliwa. "Miran yuko hapa na kalamu. Mimi naendesha, wewe unaimba."

"Sikumbuki."

"Basi tukae kimya."

Kigari kilipita mashamba, kikapita duka la mbolea. Magurudumu yalipogonga viungo vya daraja, dukuduku la nyimbo likamshinda Deoksu. Akaguna kwanza, halafu akaimba, kavu, bila kupamba.

"Huo wa nne, sivyo?" Miran aliuliza.

"Wa nne. Wa kwanza mpaka wa tatu andika hivi," Deoksu akasema, akazitaja kama mtu anayetaja majina ya ndugu zake. Baada ya hapo hakunyamaza tena. Kiwandani vioo vilifungwa kwa wakati.

Wakaanza kupanda. Deoksu akamwimba mwanamke wa treni mpaka mwisho.

"Unaofuata?" Miran akauliza.

"Huo huo."

"Lakini Baba, huo tayari nime—"

"Huo huo!" wazazi wote wawili wakamkaripia kwa pamoja.

Deoksu aliumaliza mara ya pili ndani ya handaki, sauti yake ikirudi kutoka ukutani. Mwanga ulipowapiga usoni Deoksu akaacha kuimba.

"Mama Miran. Njia hii umeijua tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Na gia ya pili?"

"Mwaka juzi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungebaki nyumbani." Okbun alishika usukani kwa mikono miwili, barabara ikianza kuinama mbele yake, na machozi yalikuwa yanamzuia kuona vizuri. "Njia naijua. Ila hapa pa kushuka naogopa, Baba Miran. Naogopa kila siku, na leo pia. Mkono wako uko wapi?"

Deoksu alipapasa, akakosea, akashika breki ya mkono, akatukana, halafu akalipata goti.



"Wa kumi na mbili," Miran akasema polepole, akiandika. "Huo huo."