Nguo Nyeusi Mlangoni pa Chumba cha Oksijeni

Tangu ajali iliyomuua mumewe Mzoxolo, Nozuko alikuwa akipotewa na maneno. Madaktari walisema jeraha lake la kichwa halikuwa kubwa, lakini miezi ilipita na bado alikuwa akisimama mbele ya darasa, chaki mkononi, asijue alikuwa anafundisha nini. Mwalimu mkuu alimwambia kwa upole kwamba akiendelea hivyo, nafasi yake itabidi apewe mwingine.

Ndipo akaelekezwa kwenye kliniki moja ya mji wa Gqeberha, Afrika Kusini, yenye chumba cha chuma ambamo wapiga mbizi hutibiwa kwa oksijeni ya shinikizo. Daktari hakumwahidi kupona. Alisema tu kwamba wapo waliopata nafuu.

Mama mkwe wake, MaDlomo, alimsindikiza, maana mjane hatembei peke yake.

Fundi wa chumba, Arendse, alimpa Nozuko nguo za pamba. Ile nyeusi ya msiba aliyovaa ilikuwa ya nailoni, na penye oksijeni nyingi cheche moja tu huwasha moto. MaDlomo akakataa. Nguo ile walimvika wanawake wa ukoo, na wao ndio watakaomvua mwaka ukiisha, ichomwe.

"Bibi, humu hata askofu aliacha msalaba wake mlangoni," Arendse alisema.

"Askofu hana mume wa kumlilia."

Nozuko alisema basi warudi nyumbani. Alitaka kuongeza jambo, neno likamkimbia, akabaki mdomo wazi akilitafuta. MaDlomo alipoona hivyo, akamshika mkono, akamwingiza pa kubadilishia nguo, akaanza kumfungua vifungo taratibu, kama anayemvua mtoto aliyelala.

"Si ulivikwa na wanawake wa nyumba yetu? Kwani mimi ni nani?"

Akavua gauni lake mwenyewe, akajivika ile nguo nyeusi.

"Mama, watu watasema."

"Waseme. Msiba hautundikwi msumarini. Nenda katibiwe, mwanangu. Nitaushika mimi."

Mlango wa chumba cha chuma ulifungwa, Nozuko akiwa ndani, masikio yakaanza kuziba. Kupitia kidirisha cha kioo Nozuko alimwona MaDlomo ameketi kwenye benchi. Tangu mazishi ya mwanawe, yeye ndiye aliyepokea wageni na kuwapikia; pole zote zilikwenda kwa mjane. Sasa mfagiaji mmoja, asiyewajua, alisimama alipoona nguo nyeusi. Aliweka ndoo chini, akamshika yule mzee mikono yote miwili.

Sauti haikufika ndani. Nozuko aliona tu MaDlomo akiinamisha kichwa, mabega yakitikisika.